Kabla ya Siku ya Kwanza Shuleni: Watoto wa Mbulu na Hanang na Chimbuko la Usawa

Mwaka wa masomo unapoanza, watoto wa kijiji kimoja huingia darasa la kwanza siku moja. Huvaa sare moja, huketi chini ya paa moja, na hufundishwa na mwalimu mmoja kwa mtaala mmoja. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba shule ndipo mahali ambapo mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho huanza safari kwa pamoja, na kwamba tofauti zitakazoonekana baadaye zitatokana na juhudi ya kila mmoja. Imani hiyo ina wema wake, lakini haipatani na yale ambayo sayansi ya ukuaji wa binadamu imekwisha kuyathibitisha. Mtoto anapofika mlangoni mwa darasa akiwa na umri wa miaka sita au saba, sehemu kubwa ya ubongo wake imekwisha kujengwa, urefu atakaokuwa nao utu uzimani umekwisha kupata mwelekeo, na baadhi ya maradhi yatakayomsumbua uzeeni yamekwisha kuwekewa msingi. Watoto wawili walioketi kwenye dawati moja wametoka mbali, tena kwa njia zisizofanana.

Ushahidi wa jambo hili haukupatikana katika nchi za ng'ambo peke yake. Sehemu yake yenye thamani kubwa imepatikana katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako tangu miaka ya 1990 watafiti wamepima damu za wajawazito, urefu wa watoto na vijidudu vya tumboni. Yafaa basi walimu na wanafunzi waufahamu ushahidi huo, kwani unahusu chimbuko la usawa, au la ukosefu wa usawa, katika jamii nzima.

Hesabu ya siku elfu moja

Mimba huchukua siku 270 hivi. Zikijumlishwa na siku 730 za miaka miwili ya kwanza ya maisha, hupatikana siku 1,000. Katika muda huo mfupi hutendeka kazi ambayo mwili hautairudia tena. Yai lililorutubishwa, ambalo halizidi ncha ya sindano, huwa mtoto mwenye urefu wa sentimeta 50 hivi siku ya kuzaliwa. Katika mwaka wa kwanza huongeza sentimeta 25 nyingine, na katika mwaka wa pili huongeza 12 hivi. Ubongo nao, ambao siku ya kuzaliwa una robo tu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, hufikia robo tatu hivi ya uzito huo mtoto anapotimiza miaka miwili.

Ujenzi wa kasi namna hii huhitaji vifaa kila siku: protini, mafuta, madini ya chuma, zinki na iodini, pamoja na vitamini za aina mbalimbali. Tumbo la mtoto ni dogo, na akiba yake ni ndogo vilevile. Vifaa vikipungua, mwili hufanya kama mkulima mwenye busara wakati wa njaa: hulinda kwanza mbegu, kisha hupunguza matumizi mengine. Moyo na ubongo hupewa haki yao mapema. Mifupa huambiwa ingoje. Mtoto huendelea kuishi, hucheka na kucheza, lakini haongezeki kimo. Upungufu ukiendelea kwa miezi mingi, hata ubongo hukosa sehemu ya haki yake. Hali hii ya kutoongezeka kimo kwa muda mrefu ndiyo iitwayo kudumaa. Ufupi wenyewe si ugonjwa. Ni alama ya nje ya upungufu uliopita ndani.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Je, kimo si urithi tu? Mbona kuna koo za watu wafupi na koo za watu warefu? Swali hili lilijibiwa na uchunguzi ulioendeshwa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 1997 na 2003. Watoto wapatao 8,500 walipimwa katika nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Marekani, Norwei na Oman. Walichaguliwa watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonyeshwa ipasavyo, na ambao maisha ya nyumbani hayakuwa kikwazo kwa ukuaji wao. Ilionekana kwamba watoto wa Accra na watoto wa Oslo walikua karibu sawasawa. Urithi huwatofautisha mtu na mtu, lakini katika umri huu mdogo hautofautishi sana taifa na taifa.

Kutokana na uchunguzi huo, vipimo vipya vya ukuaji vilitolewa mwaka 2006, navyo ndivyo vinavyotumika kliniki. Kwa vipimo hivyo, mvulana wa miezi 24 aliyelelewa katika hali njema huwa na urefu wa sentimeta 88 hivi, na msichana sentimeta 86. Mvulana aliye chini ya sentimeta 81.7, au msichana aliye chini ya sentimeta 80, huhesabiwa kuwa amedumaa. Katika watoto 100 waliolelewa vizuri, wawili au watatu tu ndio wataangukia chini ya mstari huo, kwa sababu ya maumbile yao. Mwanafunzi wa hisabati ataona mara moja maana yake: katika kijiji ambamo watoto 50 kati ya 100 wako chini ya mstari, hao wawili au watatu wanaweza kuelezwa kwa urithi. Waliosalia wanadai maelezo mengine.

Fumbo la Haydom

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko katika Wilaya ya Mbulu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, upande wa magharibi wa Mlima Hanang. Ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei, na baadaye ikawa chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Vijiji vinavyoizunguka ni makazi ya Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, Wadatoga ambao kwa asili ni wafugaji, pamoja na Wanyisanzu na Wahadzabe. Chakula kikuu ni mahindi, na mavuno hutegemea msimu mmoja wa mvua.

Mwaka 2009 Haydom ilijiunga na uchunguzi mkubwa wa nchi nane ujulikanao kwa kifupi MAL-ED. Nchi nyingine zilikuwa Afrika Kusini, Bangladesh, Brazili, India, Nepal, Pakistan na Peru. Watoto zaidi ya 2,000, kati yao zaidi ya 200 wa Haydom, waliandikishwa wakiwa wachanga wa siku chache tu. Wahudumu waliotoka katika vijiji vyenyewe walizitembelea kaya mara mbili kila wiki, wakauliza kuhusu kunyonya, chakula, homa na kuharisha. Kila mwezi mtoto alipimwa uzito na urefu, na kinyesi chake kilichukuliwa kwenda maabara, awe anaharisha au haharishi.

Matokeo ya Haydom yalikuwa kama fumbo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto hudumaa kwa sababu anaharisha mara kwa mara. Lakini watoto wa Haydom waliharisha kwa nadra wakilinganishwa na wenzao wa nchi nyingi katika uchunguzi ule. Hata hivyo, walipofika umri wa miaka miwili, zaidi ya nusu yao walikuwa wamedumaa. Mama aliyeulizwa kama mtoto wake ni mgonjwa alijibu kwa haki kwamba hana neno. Mtoto alikuwa anacheza uani, na huku hakui.

Utumbo usiopumzika

Ufumbuzi ulipatikana maabara. Katika vinyesi vya watoto wasioharisha mlikutwa vijidudu vya maradhi, mara nyingi vya aina kadhaa kwa wakati mmoja: bakteria kama shigela na kampilobakta, na kimelea kiitwacho giadia. Takwimu za nchi zote nane zilionyesha kwamba watoto waliobeba baadhi ya vijidudu hivyo mara kwa mara walikuwa wafupi zaidi walipofikia miaka miwili, hata kama havikuwaletea ugonjwa wa kuonekana.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyotokea, yafaa kutazama umbo la utumbo mwembamba. Kwa ndani utumbo huo haukulainika kama bomba la maji. Umefunikwa na vijidole vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo kazi yake ni kupanua eneo la kufyonza chakula. Mtoto anapomeza vijidudu siku baada ya siku, utando huo hushambuliwa bila kupumzika. Vijidole hufupika na kubapa, na mianya hutokea kati ya seli. Madhara yake ni matatu. Kwanza, chakula kilicholiwa hakifyonzwi chote. Pili, vipande vya bakteria hupenya mianya na kuingia katika damu, na mwili hulazimika kutumia nguvu zake kujilinda. Tatu, mapambano hayo ya kudumu huzuia homoni zinazoamrisha mifupa kurefuka. Uji unaotiwa kinywani ni ule ule, lakini faida yake hupotea njiani.

Hali hiyo hupimwa kwa njia rahisi. Mtoto hunyweshwa maji yenye sukari za aina mbili, ambazo mwili hauzitumii bali huzitoa kwa mkojo. Manitoli ina chembe ndogo, nayo hupita vizuri katika utumbo wenye vijidole vizima. Laktulosi ina chembe kubwa, nayo haipiti ila pale penye mianya. Mkojo hukusanywa kwa saa chache na kupimwa. Ikiwa manitoli ni kidogo na laktulosi ni nyingi, wapimaji hujua kwamba utumbo umebapa na kutoboka.

Vijidudu hivyo hutoka wapi? Hutoka katika udongo wa ua ambamo mtoto hutambaa pamoja na kuku na mbuzi, katika maji ya kisima au bwawa linalotumiwa na watu na ng'ombe, na katika uji uliopikwa asubuhi na kuachwa hadi jioni kwa kuwa mama yuko shambani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuitwa uzembe wa mama. Ni hali ya maisha.

Dawa peke yake, choo peke yake

Baada ya kujua chanzo, ilikuwa haki kujaribu tiba. Kati ya mwaka 2017 na 2020 uchunguzi mwingine ulifanyika Haydom, uitwao ELICIT. Watoto 1,188 waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu. Wengine walipewa dawa mbili za kuua bakteria na vimelea, azithromaisini na nitazoksanidi, katika miezi iliyopangwa. Wengine walipewa nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, kwanza kwa kupitia mama anayenyonyesha na kisha wao wenyewe. Wengine walipewa vyote, na wengine dawa bandia isiyo na nguvu. Watoto walipotimiza miezi 18 walipimwa. Hapakuwa na tofauti ya kimo kati ya fungu na fungu.

Jaribio jingine lilifanywa magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, nalo lilitangazwa mwaka 2018. Wajawazito zaidi ya 8,000 waliandikishwa. Kaya nyingine zilijengewa vyoo bora, nyingine zikapewa dawa ya kutakasa maji au vifaa vya kunawia mikono, na nyingine zikapewa chakula cha nyongeza cha mtoto pamoja na ushauri wa lishe. Vyoo, maji na kunawa havikuongeza kimo cha watoto. Chakula cha nyongeza kiliongeza, ila kwa kiasi kidogo.

Lingekuwa kosa kubwa kudhani kutokana na hayo kwamba dawa, vyoo na maji safi havina maana. Dawa huokoa mtoto anayeugua, na choo ni ulinzi dhidi ya kipindupindu na minyoo. Jambo lililothibitishwa ni jingine: hali zinazomdumaza mtoto ni nyingi, nazo zimeshikamana kama nyuzi za ukili. Kuvuta uzi mmoja hakufumui mkeka. Mtoto aliyepewa dawa leo hurudi uani palepale, hunywa maji yaleyale, na hula uji uleule.

Mama, jembe na maziwa

Nyuzi hizo huanza kusokotwa kabla mtoto hajazaliwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walichunguza upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito katika wilaya za Mbulu na Hanang. Waliona kwamba upungufu huo ulihusiana na ukosefu wa madini ya chuma na vitamini A, na pia na maambukizo mwilini. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa mtoto. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, mtoto huweka akiba ya chuma itakayomfaa kwa miezi sita hivi baada ya kuzaliwa, kwani maziwa ya mama hayana chuma kingi. Mama mwenye upungufu humpa mwanawe akiba pungufu. Akiba ikiisha, mtoto hutegemea chakula, na uji mwepesi wa mahindi hauna chuma cha kutosha. Ubongo unaojengwa hukosa chuma wakati uleule unapokihitaji zaidi.

Aidha, mama huyo huyo ndiye anayechota maji, anayekata kuni na anayeshika jembe mvua zinapoanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Likizo yake huamuliwa na mawingu, na mtoto mchanga huachwa na dada yake mdogo kwa sababu palizi haingoji.

Tena, mama aliyedumaa utotoni mara nyingi huzaa mtoto mwenye uzito mdogo, ambaye naye huanza maisha akiwa nyuma. Ikiwa mtoto huyo ni msichana, atakuja kuwa mama. Hivyo njaa iliyompata bibi inaweza kuonekana katika kimo cha mjukuu, ingawa mvua za mwaka ule zimekwisha kusahauliwa.

Hata mambo yasiyotajwa hospitalini huingia katika mwili wa mtoto. Mfano mmoja ni ardhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, kwa msaada wa Canada, na kuendeshwa na shirika la umma la NAFCO. Yalifikia hekta zipatazo 40,000. Taifa lilihitaji mkate, na ngano ilivunwa. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho bora ya Wadatoga, na katika miaka ya 1980 wafugaji walikwenda mahakamani kudai haki yao. Kwa mfugaji, malisho ni maziwa, na maziwa ndicho chakula chenye protini, mafuta na vitamini A ambacho mtoto mdogo hupata kwa urahisi. Ngano ilihesabiwa kwa magunia na kuandikwa. Maziwa yaliyopungua kibuyuni hayakuwa na mizani ya kuyapimia, isipokuwa mtoto mwenyewe.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba kimo cha mtoto wa miaka miwili ni jumla ya hesabu ndefu. Ndani yake mmo chakula na maradhi, na pia mmo kazi za mama, umbali wa kisima, bei ya mazao, hali ya barabara ya kwendea zahanati na mgawanyo wa ardhi. Takwimu za taifa zinaonyesha vivyo hivyo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, watoto 40 kati ya 100 wa kaya maskini kabisa walikuwa wamedumaa, na katika kaya zenye uwezo zaidi walikuwa 19 kati ya 100. Watoto hao walikuwa hawajafanya mtihani wowote.

Deni linalolipwa maisha yote

Je, tofauti hizo hubaki? Au mtoto akikua husahau? Huko Uingereza, katika miaka ya 1980, daktari David Barker alilinganisha kumbukumbu za zamani za uzito wa watoto wachanga na vyeti vya vifo vya watu hao walipokuwa wazee. Aligundua kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Tafiti nyingi zilizofuata zilihusisha uzito huo mdogo na shinikizo la damu na kisukari pia. Mwili uliojifunza tumboni kubana matumizi hulemewa unapokutana baadaye na chakula kingi na kazi chache. Kwa nchi kama Tanzania, ambako maradhi hayo yanaongezeka mijini, hili si jambo la kupuuza.

Katika vijiji vinne vya Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye protini, na wa vijiji vingine viwili walipewa kinywaji kisicho na protini. Miaka mingi baadaye walitafutwa tena. Wanaume waliopata uji ule kabla ya kutimiza miaka mitatu walikuwa wakipata ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46. Waliopata uji baada ya umri huo hawakuonyesha faida hiyo.

Jambo la kutia moyo zaidi lilitoka Jamaika. Katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuata watoto 129 waliodumaa mjini Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya aliyewaonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kuzungumza naye na kumtengenezea vitu vya kuchezea kutokana na vitu vya nyumbani. Baada ya miaka 20, vijana waliotembelewa walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25. Kimo hakikurudi chote, lakini akili ilipata njia. Mtoto aliyedumaa, basi, hajafungiwa mlango. Mwalimu asimpime mwanafunzi kwa kimo chake, wala asidhani kwamba mwenye mwili mdogo ana akili ndogo.

Funzo la Iringa

Tanzania imewahi kuonyesha kwamba hali hizi zaweza kubadilishwa na wananchi wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya masomo, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Katika miaka ya 1980, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliendeshwa katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa. Kila robo mwaka watoto walipimwa uzito mbele ya wanakijiji, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji: mtoto huyu amepungua kwa nini, na kifanyike nini? Vijiji vingine viliamua kuanzisha malezi ya watoto karibu na mashamba, vingine kuongeza milo, vingine kuwapunguzia wanawake kazi. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Lakini Iringa ina funzo la pili, tena chungu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Mkoa wa Iringa ulikuwa na udumavu mkubwa kuliko mikoa yote, karibu watoto 57 kati ya 100, ukifuatwa na Njombe na Rukwa. Vipimo hivi viwili havilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa cha kwanza ni uzito kwa umri na cha pili ni urefu kwa umri. Hata hivyo, mikoa hiyo ni maghala ya taifa. Ghala likijaa mahindi, na mama akawa shambani kutwa, na mtoto akalishwa uji mwepesi mara mbili kwa siku, wingi wa mavuno haumfikii. Kazi iliyofanywa katika kizazi kimoja ikiachwa, kizazi kinachofuata huanza upya.

Kwa taifa zima, mwendo ni wa kwenda mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Idadi hiyo ilikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015 na 2016, na asilimia 30 mwaka 2022. Vifo vya watoto hao navyo vilishuka kutoka 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2004 na 2005, hadi 43 mwaka 2022. Mnamo Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inaunganisha afya, lishe, malezi, ulinzi na ujifunzaji wa mapema. Muungano huo unakubaliana na funzo la Haydom, kwamba uzi mmoja hautoshi.

Wajibu wa shule

Inaweza kuonekana kwamba shule ya sekondari imechelewa mno kwa kazi hii, kwani wanafunzi wake walikwisha kuzipita siku zao 1,000. Ukweli ni kwamba shule hiyo iko mahali panapofaa kuliko pote. Wengi wa wanafunzi wa leo watakuwa wazazi katika muda wa miaka kumi. Msichana anayebaki shuleni huahirisha mimba hadi mwili wake mwenyewe umalize kukua, na huo ni ulinzi wa kwanza wa mtoto ambaye bado hajatungwa. Mvulana anayefahamu kwamba mjamzito anahitaji chakula bora na mapumziko atakuwa mume wa namna nyingine.

Mwalimu wa biolojia anaweza kufundisha utumbo mwembamba kwa mfano wa sukari mbili. Mwalimu wa hisabati anaweza kuchora mistari ya ukuaji ya kadi ya kliniki, ili wanafunzi waone mtoto anapoanza kuuacha mstari wake. Mwalimu wa jiografia anaweza kuuliza ni saa ngapi kwa siku hutumika kuchota maji katika kijiji cha shule, na ni nani azitumiaye. Maswali hayo hayahitaji maabara ya gharama.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Watu wengi hutumia methali hiyo kuwaonya wazazi kuhusu tabia za watoto. Sayansi imeipa maana pana zaidi: mfinyanzi hafinyangi peke yake. Maji, kuni, ardhi na muda wa kazi hutoka kwa jamii nzima, na chungu kikitoka na ufa, hapana haki ya kumlaumu mama peke yake, wala kukilaumu chungu. Jamii inayotaka vijana wake washindane kwa haki katika mitihani haina budi kuhakikisha kwanza kwamba mtoto wa Basotu na mtoto wa Haydom wamefika kwenye dawati wakiwa wamekamilika kama mtoto yeyote mwingine wa taifa.